Kwenu wapi? Kisa cha chumba changu kipya Magomeni

Haya wadau, nimehama.

Wale mliozoea kunikuta Sinza msinitafute tena kule. Sasa niko Magomeni, chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, baraza mbele na ua nyuma. Kuhama kwenyewe hakukuchukua hata nusu siku. Nilikuwa na godoro la nne kwa sita, mtungi mdogo wa gesi na jiko lake, ndoo mbili, feni, meza na maboksi matatu ya vitabu. Dereva wa kirikuu alilinyanyua boksi la kwanza, akalirudisha chini, akaniangalia, kisha akaongeza elfu tano juu ya bei tuliyopatana.

"Ungesema mapema kuwa unahamisha shule," akaniambia.

Sababu ya kuhama mnaweza kuibahatisha. Kodi ya kule ilipanda, mshahara wa mwandishi chipukizi haukupanda. Dalali alinizungusha jua kali siku mbili. Chumba cha kwanza kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta, cha pili hakikuwa na dirisha kabisa, cha tatu kilishachukuliwa lakini dalali alitaka "nikione tu". Cha nne ndicho hiki. Masharti ni yale yale ya mjini: kodi ya miezi sita mbele, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunionyesha mlango.

Niliyemkuta barazani ni mwenye nyumba, bibi wa makamo ya juu, miaka sabini na kitu, ameketi kwenye mkeka. Wote humwita Bibi, nami nikamwita Bibi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikatoa fedha. Hakuzipokea. Kwanza akamtuma mjukuu wake ndani, akarudi na daftari kubwa lenye jalada gumu, kona zimeliwa na mende.

"Jina lako nani?"

Nikamtajia.

"Kwenu wapi?"

"Tabora, Bibi."

Akanyanyua uso. "Mnyamwezi?" Nikakubali. Bibi akacheka hadi akajishika mbavu. "Basi umekuja kwa watani zako Wazaramo. Wewe utalipa kodi mara mbili!"

Halafu kicheko kikakatika, akauliza swali la tatu kama karani. "Na likikupata la kukupata, tumwambie nani?"

Nakiri kwamba swali lile lilinikera. Nilikuja kupanga chumba, si kuandika wosia. Sikutaka mama yangu kule Tabora apigiwe simu na mtu asiyemjua, tena na bibi mtani anayecheka namna ile. Nikampa namba ya mshikaji wangu mmoja wa kazini. Bibi akaiandika polepole, tarakimu moja baada ya nyingine, ndipo akapokea fedha.

Jumatatu kazini nikatangaza kuwa nimehama. "Wapi?" Magomeni. "Magomeni ipi?" Nikaeleza. Wakaangua kicheko. "Msomi mzima umehamia uswazi!"

Ni utani wa kawaida, na mimi pia nimewahi kuwatania wengine hivyo. Lakini siku ile neno lenyewe lilinikaa. Uswazi. Uswahilini. Sote hapa mjini tunazungumza Kiswahili, kuanzia waziri hadi muuza karanga. Sasa iweje "uswahilini" kuwe sehemu moja na si nyingine? Nikaanza kuchimba, na nilichokipata ndicho nataka tukijadili leo.

Tuanze na mji wenyewe. Dar es Salaam ni mji wa wahamiaji tangu siku ya kwanza. Palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kikiitwa Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar akaanza kujenga mji na bandari kando yake. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na hamu na mradi ule. Majengo yakaachwa. Wajerumani walipokuja wakaipenda ile bandari yenye kina, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo.

Wakaanza kuugawa mji. Waingereza waliuteka mwaka 1916, na katika miaka ya 1920 wakaukamilisha mgawanyo ule katika kanda tatu. Kwenye karatasi kanuni zilizungumzia aina ya jengo, si rangi ya mtu. Kanda ya kwanza nyumba za mtindo wa Kizungu tu. Kanda ya pili makazi na biashara, majengo ya kudumu. Kanda ya tatu ruksa kujenga nyumba za miti na udongo. Hesabu yake ni rahisi. Nani alikuwa na uwezo wa kujenga nini? Wananchi wakazipa kanda zile majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini pakaachwa eneo wazi, hairuhusiwi kujenga. Ndiyo Mnazi Mmoja ile tunayopita na daladala kila siku tukidhani ni uwanja tu wa mapumziko. Ulikuwa mpaka.

Uswahilini yenyewe ilikuwa Kariakoo, na hata jina hilo limetokana na watu waliohamishwa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia jeshi la Uingereza lilikuwa na kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobeba mizigo na risasi vichwani, kikiitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa pale. Ulimi wa mjini ukalikoroga lile jina mpaka likawa Kariakoo. Kwa hiyo tunapokwenda kununua vitenge na simu, tunatembea juu ya kambi ya wabeba mizigo.

Kariakoo ikajaa. Ikafuata Ilala. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia watu wakaongezeka zaidi, na katika miaka ya 1950 Magomeni na Temeke zikapimwa na kujengwa kwa ajili ya Waafrika. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu karibu 129,000 katika mji huu. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa. Hao wote hawakuzaliwa Mzizima. Kila mmoja wetu, au baba yake, au bibi yake, aliwahi kufika hapa na mzigo na kuulizwa anatoka wapi.

Mama yake Bibi alipata kiwanja hiki chetu wakati ule Magomeni inapimwa. Alikuwa akiuza maandazi na vitumbua. Alianza na vyumba viwili, akapangisha kimoja, kodi ikajenga cha tatu, cha tatu kikajenga cha nne. Msishangae kusikia ni mwanamke. Katika Dar es Salaam ya wakoloni wanawake wenye nyumba zao hawakuwa wachache. Mwanamke aliyeachika au mjane, ambaye kijijini angerudi chini ya kaka yake, mjini aliweza kuwa mwenye nyumba na kukusanya kodi kutoka kwa wanaume watano.

Na hii nyumba ya Kiswahili yenyewe, jamani, ilibuniwa kwa akili. Korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma ua, na uani jiko, bafu na choo. Mbele baraza. Zamani ilisimamishwa kwa boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na kukandikwa udongo, juu makuti. Baadaye wakaezeka kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, baadaye bati. Huhitaji kuwa na fedha zote siku moja, unaijenga jinsi maisha yanavyokwenda. Na vyumba vyote milango yake inatazama korido moja, kwa hiyo huwezi kutoka wala kuingia bila kupita mbele ya wenzako.

Katikati ya miaka ya 1950 ofisa mmoja wa kikoloni, J.A.K. Leslie, alifanya utafiti wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963. Watu aliowakuta ni wapangaji, mmoja mmoja au familia kwenye chumba kimoja, makabila tofauti chini ya paa moja. Nilipousoma nilicheka, maana nilidhani anaeleza nyumba yetu.

Katika nyumba yetu kuna familia ya fundi cherehani chumba cha kwanza kushoto, dada wawili wauguzi cha pili, kijana wa bodaboda na mkewe na mtoto cha tatu. Upande wa kulia ni Bibi na wajukuu, kisha mzee mmoja aliyekuwa anaishi peke yake, kisha mimi. Mita ya luku ni moja. Hapo ndipo siasa zote zilipo. Mwenye friji anachangia zaidi ya mwenye taa, mwenye pasi anatakiwa aombe ruhusa, na feni yangu ilijadiliwa barazani kwa robo saa nzima kabla ya kupangiwa kiwango chake. Kufagia ua na kusafisha choo ni kwa zamu, na ratiba iko kichwani mwa Bibi.

Wiki tatu za kwanza mimi sikuwa mpangaji, nilikuwa mgeni wa hoteli. Natoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi mwendokasi, narudi saa nne usiku, spika za simu ziko masikioni. Kila usiku nilimkuta yule mzee jirani yangu barazani na redio yake ndogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umerudi?"

"Nimerudi."

Basi. Napita, nafunga mlango. Zamu yangu ya kufagia ilipofika nilikuwa Dodoma kikazi, ya pili nikasahau. Niliporudi ua ulikuwa safi, nikadhani Bibi amenisamehe.

Kabla sijawaeleza kilichotokea, turudi kidogo kwenye lile swali la Bibi. Maana katika kuchimba kwangu niligundua kwamba "kwenu wapi?" ndilo swali ambalo serikali zote zilizotawala mji huu zimewauliza wahamiaji, na halikuulizwa kwa upendo.

Wakoloni walitaka Mwafrika aje mjini kufanya kazi, akimaliza arudi kwao. Asiye na kazi aliitwa mhuni. Katika miaka ya 1940 na 1950 misako ilikuwa mingi: vijana wanakamatwa, wanaulizwa kwao wapi, wanapandishwa kwenye gari au treni na kurudishwa. Wengi walirudi mjini baada ya wiki chache, na mchezo ukaanza upya.

Ungetarajia uhuru umalize mambo hayo. Na kweli mengi yalibadilika. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, likaanza kubomoa nyumba mbovu za udongo na kujenga za saruji, na Magomeni ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na baadhi ya wanyonge wakapata kupanga katikati ya mji walikokuwa wakikatiza tu. Nyumba kama hii ya Bibi haikuguswa, haikufikia bei hiyo. Miaka ya 1970 hiyo hiyo vikapimwa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa hiyo hata kule Sinza nilikotoka, ninakoringia kuwa "nilikaa pazuri", ni mradi wa kuwapa wahamiaji mahali pa kukaa.

Lakini swali likabaki. Viongozi wetu nao waliona aliye mjini bila kazi ya kuandikishwa ni kupe. Mwaka 1976 kulikuwa na operesheni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi yenyewe, na sheria yake. Huna kitambulisho cha kazi? Kwenu wapi? Panda lori, nenda kijijini ukalime. Na wakati huo, kumbukeni, nchi ilikuwa imetoka vitani na maduka yalikuwa matupu. Kazi za kuandikishwa zilikuwa wapi?

Tena hapa Magomeni ipo nyumba ambayo leo ni makumbusho. Aliishi humo Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1950, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955 ili aifanye kazi ya TANU. Naye alikuwa mtu wa bara aliyehamia, mwalimu asiye tena na mshahara. Kwa vipimo vya wenye misako, angeweza naye kuulizwa anafanya nini mjini. Siisemi hii kumbeza Mwalimu. Naisema kwa sababu inaonyesha jinsi swali lile lilivyo rahisi kwa aliye juu ya lori na gumu kwa aliye chini yake.

Sasa kilichotokea.

Ilikuwa Ijumaa alfajiri. Niliamshwa na sauti ya Bibi koridoni akimwita yule mzee. Hakuwa ametoka kwenda msikitini, na hajawahi kuikosa swala ya alfajiri. Kijana wa bodaboda akausukuma mlango kwa bega. Mzee alikuwa amelala kwa utulivu, redio kifuani. Alikuwa amekwenda.

Saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limefungwa barabarani na viti vya plastiki vimepangwa. Sijui nani aliviita, vilikuja tu. Mjumbe akafika. Kina mama wakateka ua, masufuria makubwa yakatoka nyumba za jirani. Mimi nilisimama mlangoni na begi langu mgongoni, kiatu kimoja kimefungwa kamba, nikiwaza mkutano wa wahariri wa saa tatu. Bibi akaniona.

"Mtani," akasema, na safari hii hakucheka. "Leo huendi popote. Mtani hakosi msibani."

Nikapiga simu kazini. Nikavua begi.

Mjumbe akasema, huyu si mwandishi? Basi akae na daftari la rambirambi. Nikapewa kiti, meza, kalamu na daftari jipya. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika kwa herufi kubwa: MSIBA WA MZEE. Nikasimama hapo. Kalamu haikwenda.

Sikuwa najua jina lake.

Jamani, kazi yangu ni kuuliza majina. Sharti la kwanza tulilofundishwa chuoni, jina kamili, umri, makazi. Nimeuliza majina ya watu waliofurikwa na maji wakiwa bado wamesimama ndani ya maji. Na mtu aliyeniuliza kila usiku kama nimerudi, ukuta mmoja kati yetu, sikuwahi kumwuliza anaitwa nani. Mjukuu wa Bibi, miaka saba hivi, alikuwa ameegemea meza yangu. Nikamnong'oneza, "Babu alikuwa anaitwa nani?" Akaniangalia kama ninamjaribu, kisha akanitajia majina matatu bila kusita. Nikayaandika. Hapa siyaandiki, ni ya familia yake.

Kisha Bibi akalileta lile daftari lake la kona zilizoliwa na mende. Akarudisha kurasa nyuma, nyuma kabisa, hadi kwenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai. Mzee aliandikwa mwaka 1974. Kwao: Rufiji. Na mbele ya lile swali la tatu, tumwambie nani, palikuwa na orodha. Jina la mama yake, limekatwa kwa mstari. Jina la kaka yake na kijiji chake, limekatwa. Dada yake, kwa anwani ya shule ya msingi, limekatwa. Chini kabisa, kwa wino mpya, jina la mtoto wa dada na namba ya simu. Kila alipokufa mtu wa Rufiji, mzee alikuwa akija kwa Bibi na kuomba daftari lirekebishwe. Miaka hamsini.

Bibi akanipa simu. "Piga wewe, macho yangu hayaoni vizuri." Nikapiga. Hiyo ndiyo simu ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga. Kufikia saa tisa ndugu wanne walikuwa wamefika kutoka Rufiji, na baada ya swala ya alasiri tukampeleka makaburini. Nilibeba jeneza kwa hatua chache, kama ilivyo desturi, wenzangu wakanipokea.

Usiku tulikaa chini ya turubai. Hapo ndipo Bibi alipotueleza habari ya mwaka 1983. Mzee wakati huo alikuwa kibarua bandarini, siku anaitwa siku haitwi, kitambulisho hana. Wakamkamata Kariakoo. Kwenu wapi? Rufiji. Akapandishwa lori. Habari zikafika nyumbani jioni.

Wiki hiyo hiyo watu wakaanza kuja kuulizia chumba. Vyumba vilikuwa vya kugombania. Mama yake Bibi akafunga mlango kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye pembe ya kanga yake, na kila aliyekuja akajibiwa neno moja: "Chumba kina mwenyewe." Baada ya miezi miwili mzee akatokea usiku, juu ya lori la mbao, amekonda. Mama mtu akafungua pembe ya kanga, akampa ufunguo. Kodi ya miezi ile miwili haikudaiwa, wala haikutajwa tena.

"Serikali ilimwuliza kwao wapi ikampeleka," Bibi akasema. "Sisi tulikuwa tumeshamwuliza."

Nimelifikiria sana neno hilo. Swali ni lile lile, silabi zile zile, na zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari. Mmoja anauliza ili ajue wapi pa kukutupa. Mwingine anauliza ili ajue nani wa kumlilia pamoja nawe. Watu wa Dar hawakuanza jana kulijua hilo. Enzi za mkoloni vyama vya watu wa asili moja hapa mjini vilichangishana kuzika wenzao, kwa sababu hofu kubwa ya mhamiaji ilikuwa kufa na kuzikwa na watu wasiomjua. Na utani wetu huu na Wazaramo, ambao wengi tunaudhani ni mizaha ya kuchukuliana soda, wazee wanausimulia kuwa ulitokana na misafara. Babu zetu Wanyamwezi waliteremka pwani na pembe za ndovu, wakapita nchi ya watu, wakagombana, wakapatana. Kupatana kwenyewe kulikuwa na sharti: nikifia kwako, utanizika.

Sisemi uswahilini ni peponi. Choo kimoja kwa watu kumi na sita si jambo la kuimbia. Mvua za masika zikija, maji ya barabarani huingia koridoni bila hodi. Siri huna, na ukirudi na mgeni wa kike baraza zima linamjua kwa rangi ya viatu. Wala sidai kwamba nyumba hizi zibaki milele. Pale Magomeni Kota familia 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani, zikasubiri miaka, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yao mapya. Waliorudi wana choo ndani na maji bombani, na nani atawanyima? Hata kwetu madalali huja barazani kila mwezi kumwuliza Bibi bei ya kiwanja, maana mwendokasi unapita karibu. Siku moja wajukuu watauza. Litasimama ghorofa na kila mtu atafunga mlango wake.

Ninachosema ni kwamba tuulizane. Katika ghorofa, hosteli au apatimenti ya Mbezi yenye geti na mlinzi. Mlinzi ana daftari, nimeliona, linaandika namba ya gari na saa ya kuingia. Halina lile swali la tatu.

Baada ya hitima nilifagia ua. Haikuwa zamu yangu. Mke wa bodaboda akaniambia, bila kunilaumu, kwamba zamu zangu mbili zile alizifagia mzee. Alisema kijana anachelewa kurudi, amechoka, mwacheni azoee kwanza.

Nikaosha mikono, nikaenda barazani. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake.

"Bibi, naomba daftari."

"La nini, mtani?"

"Nirekebishe."

Hakuuliza zaidi. Mjukuu akalileta. Nikatafuta jina langu, nikaikata namba ya mshikaji wangu wa kazini kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake nikaandika jina la mama yangu, mtaa wetu kule Tabora, na namba yake ya simu. Bibi akalivuta daftari karibu na uso, akaisoma tarakimu moja moja, akanirudia kuhakikisha.

Kisha akalifunga. "Sasa umehamia," akasema.

Alamsiki.